Mfuko wa Maji Ulionuka Moshi

Katesh, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu umeamkaje? Ile dawa ya kuchua bado ipo, au umeshawagawia tena majirani? Mimi mwili ni mzima, ila roho imechafuka, na wa kumwambia ni wewe tu.

Nianze na baya: siji. Najua ulishaanza kumnenepesha jogoo. Likizo nimenyimwa kwa sababu zahanati ina wauguzi wachache, na njia iliyobaki ilikuwa yale mashindano ya baiskeli ya watumishi. Kila wilaya inapeleka mwanamke mmoja, na fainali safari hii ziko huko kwetu Songea. Nilifanya mazoezi miezi yote hii ili nije niuone huo mguu.

Njia ya mashindano inapanda mlima wa Gitting, na huko kuna upepo unaokausha koo. Ukiinama kuchukua chupa, unakuyumbisha. Nikataka ule mfuko wa maji wa kubeba mgongoni, wenye mrija, unakunywa huku mikono ipo kwenye usukani. Mpya sikuumudu. Sesilia, muuguzi mwenzangu ninayekula naye sahani moja, naye akishindana pia, akasema twende mnadani, kwenye mitumba haikosekani.

Mnada ulikuwa siku moja kabla ya mashindano ya wilaya yetu. Akaniongoza moja kwa moja hadi kwenye turubai la mzee mmoja. Mifuko ilikuwa miwili. Mmoja mrija wake ulikuwa na ukungu mweusi. Wa pili ulikuwa safi, mikanda mizima, bei ya watu kama sisi, ila ulinuka moshi. Nikataka kuupuliza nione kama unashika hewa. Sesilia akaninyang'anya.

"We muuguzi mzima unaweka mdomo kwenye mtumba? Lete nikukagulie." Akaugeuzageuza. "Mzima huu. Chukua."

"Na moshi?"

"Si umekaa na magunia ya mkaa! Utaosha."

Nikaosha. Na nikamshukuru, Mama.

Siku yenyewe nilikuwa mbele ya wote. Katikati ya mlima nikahisi mgongo umelowa, nikadhani ni jasho. Nikavuta mrija, ukanipa hewa. Mshono wa chini ulikuwa umeachia. Nikaendelea na koo kavu mpaka miguu ikagoma, nikaketi kando ya shamba la ngano. Sesilia akapita, anakunywa kwenye mfuko wake mpya aliotumiwa na kaka yake. Nikamwita, "Sesi, maji!" Akapunga mkono. Nikajisemea hajasikia.

Akashinda. Na mimi, mjinga wako, nikamsindikiza hadi kwa mama yake, kule kijijini Endagikot, kusherehekea. Sesilia alipotoka kwenda dukani, yule mama, mtu mwema kweli, akanimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu. Huku vibuyu vya maziwa husafishwa kwa kufukizwa na kijinga cha moto, na maziwa hubaki na harufu yake. Nilipoyapeleka mdomoni nikasita. Ilikuwa harufu ile ile.

Nikamsifu kwa ufukizaji wake. Akacheka.

"Mimi nafukiza kila kitu, mwanangu. Hata ile mfuko ya maji ya Sesi niliifukiza, nilijua ni kama kibuyu. Ikayeyuka hapa chini. Alikasirika huyo! Akaibandika gundi, akampa mzee wa mnadani auze."

Nikayaweka maziwa chini. Mama, nilimsimulia Sesilia habari za mguu wako hadi nikalia, naye akanifuta machozi. Alijua yote. Nina hasira hata sala inanishinda, lakini sijamwambia neno, na bado tunakula sahani moja.

Nisalimie Baba Mdogo, fundi wangu wa baiskeli, mwambie breki alizonifungia bado zinashika. Shangazi wa kwaya naye msalimie, na mdogo wangu Skola asiache shule kwa ajili ya kukuuguza.

Vitunguu saumu na kitenge ni vyako. Aliyevileta, pamoja na barua hii, ni huyo mgeni aliyeketi mbele yako sasa. Ndiye Sesilia. Hajui nimeandika nini. Usimfukuze, wala usimgombeze. Mnyooshee mguu wako auone vizuri, halafu mpe maji ya kunywa, kwenye ile glasi kubwa.

Mwanao uliyekuwa ukimngoja,
Anjela