Misheck Amenyamaza

Gatwiri, uko? Wacha kila kitu usome hii.

Unajua hasira ya ndugu yangu Misheck, ile ya kurusha sufuria na kutukana mpaka Kibirichia nzima isikie. Hiyo tumeizoea. Sasa siku hizi dawa za kumtuliza alizopewa kliniki hataki, lakini amenyamaza kabisa. Mama akasema amepona, akaita wamama wa kanisa leo waje tushukuru Mungu.

Wakaimba, wakamwekea mikono. Yeye ameketi tu na kisu anamenya waru, viazi vya wageni, hata hainui macho.

Halafu akasema polepole, bila kukunja uso: "Nikipiga kelele mnanifunga kamba. Nikinyamaza mnaimba."

Na wamama wakasema amina! AMINA, Gatwiri!

Nikakumbuka daktari wa kliniki alituambia kuna hasira ya kumwagika nje, na kuna ile inamrudia mwenyewe kimya kimya. Kisu bado kiko mkononi mwake. Nikamuuliza, "Misheck, unataka kujiumiza?"

Akaniangalia sana. "Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

Akanipa kisu.

Tuko barabarani tunangoja boda itupeleke kliniki. Amenishika mkono, hataki kuachilia. Huko nyumbani nasikia bado wanaimba.