Mgeni Asiyekula Bukari

Musonoi, 3 Julai 2024

Tata mpendwa,

Goti limepona? Sisi tuko wazima, ila baridi ya Julai na vumbi vinatukohoza. Simu yako imenyamaza, basi barua hii analeta Mama Kabemba anayefuata magunia ya makala ya kupikia huko kwenu.

Tata, tuna mgeni. Jirani yetu Gael ameokota kobe Mutoshi wanakochimba madini, akamletea binti yangu Mignonne. Lakini kobe hali! Tumempa bukari ya moto niliyosonga mwenyewe, na samaki juu. Hatujamwacha peke yake hata kidogo: tunamzunguka wote pale sakafuni, tunamkaribisha, naye anajificha tu. Kobe hukasirika? Wewe ulifuga mmoja zamani.

Mume wangu Louis anasema, "Asiyekula, aliwe." Amempa mpaka Jumapili ya tarehe kumi na nne, na sufuria kubwa ameshaiazima. Mignonne analia. Mimi pia naogopa.

Mutoto wako,
Naomie

Mutshatsha, 9 Julai

Mwanangu Naomie,

Goti linalalamika, mwenyewe nacheka. Bukari! Kobe si mtu wa Katanga. Mpe majani: matembele, au maua ya boga. Kwanza mtoe kwenye sakafu baridi, aote jua. Akipata joto, mweke kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu, yasipite kidevu. Kisha ondokeni wote. Najua nilikufundisha kwamba mgeni haachwi ale peke yake. Huyu ni kinyume: macho yenu ndiyo yanamfunga mdomo.

Mwambie mkwe wangu mvumilivu hula mbivu, siyo kobe.

Tata yako

Mutshatsha, 17 Julai

Naomie,

Hamjambo nyote? Jumapili imepita, na Mama Kabemba amerudi bila barua. Nakuuliza bila kuzunguka: mmemla? Usinifiche. Nakosa usingizi kwa ajili ya kobe nisiyemjua.

Tata yako

Musonoi, 21 Julai

Tata,

Pole kwa wasiwasi. Mama Kabemba aliondoka kabla sijaandika.

Tulifanya yote uliyosema. Juani akatoa kichwa, kwenye sahani akanywa sana. Majani hakugusa. Jumapili, tulipotoka kanisani, Louis akachukua kisu akaenda nyuma ya nyumba tulikomwacha. Mignonne akanishika kitenge. Tukasubiri, hatukusikia kitu. Nikaenda kuchungulia.

Louis alikuwa amechuchumaa, kisu kiko chini, mbele ya tuta lake la matembele, lile analomwagilia kila jioni na kufukuza kuku wa watu. Kobe yuko katikati, anatafuna. Nusu ya tuta imekwisha! Nilitaka kupiga vigelegele, Louis akaniinulia mkono.

"Mubakie kule," akasema polepole. "Mugeni eko anakula."

Mutoto wako,
Naomie