Injini Iliyokula Mchanga

Kwako Baba, fayamani wa Voi, mchochea moto wa treni,

Sitaanza kwa kukujulia hali, kwa sababu uliko hakuna anayelalamikia mgongo. Wala sitakuambia kwamba mimi sijambo mpaka nimalize lililonileta. Ni binti yako, Wakesho, uliyemkata jina akabaki Kesho, kisha ukawa unawaambia wageni, "Kesho yangu ile pale, inaosha vyombo." Nakuandikia nikiwa Birmingham, mezani jikoni, na chai yangu imeshapoa. Jana nilikwenda kuona injini za mvuke.

Mjukuu wako Mkamburi ndiye aliyenipeleka. Wewe ulimwona kwenye picha tu, akiwa hana meno mawili ya mbele. Sasa ana miaka ishirini na sita, ana gari lake, na ana tabia ya kuniamulia mambo. Kiswahili anakisikia chote, hata yale ninayonong'ona nikiwa nimekasirika, lakini hujibu kwa Kiingereza kama wenzake waliozaliwa huku. Aliona tangazo kwamba pale Tyseley, kwenye makumbusho ya reli, wamekusanya injini za zamani na wataziwasha moto ili watu wazione zikitembea. Akachukua tiketi mbili bila kuniuliza. Nikamwambia siendi. Miaka yote niliyopita Tyseley kwa treni nikienda kazini, niliangalia dirisha la upande wa pili. Aliponiuliza kwa nini, nikasingizia magoti. Akasema mabenchi yapo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa kwangu alinifunga mkanda wa gari akanipeleka.

Zilikuwa injini sita, Baba, zimeng'arishwa kama masufuria ya harusi. Watu walijaa, wengi wao wazee wenye kamera shingoni, na kila injini ikipiga mluzi walitabasamu wote kwa pamoja. Mimi nilisimama nikinusa. Nilikuwa nimejiandaa kwa harufu yako, nimeiogopa tangu asubuhi, na haikuja. Kulikuwa na mvuke, chuma chenye joto, na moshi mzito uliokwaruza koo, lakini wewe hukuwamo. Sikuelewa kwa nini. Nilisikia uchungu, kama mtu aliyefika stesheni kumpokea mgeni akaambiwa mgeni hakupanda.

Wewe ulinuka stovu. Kule kwenye nyumba za relwe, ulipokuwa unarudi safari, Mama aliichukua ovaroli yako kwa vidole viwili na kuitupa nje ya mlango. "Mwenye nyumba karudi na jiko lake," alikuwa akisema, nawe unacheka, miguu yako ndani ya karai la maji ya chumvi. Mimi nilikuwa na miaka minane na kazi yangu ilikuwa kuongeza maji ya moto. Malipo yangu yalikuwa hadithi, na hadithi niliyoitaka ilikuwa moja tu.

"Injini nayo huvimbiwa, Kesho," ulikuwa unaanza. "Ikishakula sana tumbo hujaa masizi. Inahema, inakataa mlima. Basi mimi nachota mchanga, kopo moja, naitia mdomoni. Inameza. Inacheua moshi mweusi, mweusi kama nini sijui."

Hapo ulikuwa unanyamaza. Ulikuwa hutoi mwisho bure. Unanyanyua mguu mmoja kutoka karaini, unauangalia kana kwamba umesahau kuwa nipo, mpaka mimi nishindwe kuvumilia.

"Halafu?"

"Halafu ikapanda," unasema, na mimi naridhika kabisa, kama vile nimeshushiwa mzigo.

Watoto wa jirani walinicheka. Walisema baba yangu analisha treni mchanga, nami nikapigana nao hadi gauni likachanika. Mama alilishona huku akinigombeza, kisha akanionyesha kuku wake wakidonoa uani. "Hata hawa hula mchanga ili chakula kisagike. Mwache baba yako na kazi yake." Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Sasa nifike kwenye ile siku. Nimeizunguka vya kutosha.

Nilikuwa kidato cha pili, nimerudi likizo na maneno mengi mdomoni. Injini za mvuke zilikuwa zimeshaegeshwa, na wewe wamekuhamishia stoo kugawa sabuni na vitambaa. Jumapili ile tulikuwa na wageni uani: wenzako wapya wa stoo, mchungaji, na Baba Mkubwa aliyeshuka kutoka milimani na gunia la ndizi. Mtu mmoja akakuuliza habari za zamani zako. Ukasogea mbele ya kiti. Nilikuwa sijakuona ukisogea mbele ya kiti tangu uende stoo. Ukaanza na kuvimbiwa, ukaja kwenye kopo, ukafika kwenye moshi mweusi, ukanyamaza. Ukanitazama. Ulikuwa unangoja neno langu.

Nikasema, "Baba, acha kudanganya watu. Mchanga hauwaki. Shuleni kwetu ndoo za mchanga ziko nje ya maabara, ni za kuzimia moto."

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza. "Kumbe ulikuwa unauzima moto miaka yote! Ndiyo maana treni zenu hazikufika." Uwanja mzima ukacheka. Hata mchungaji alicheka, akaficha mdomo kwa kikombe. Wewe pia ulicheka, Baba, nakumbuka, ukaweka chai yako chini na kusema, "Basi. Aliyesoma ndiye anayejua." Nikaingia ndani kuongeza sukari nikijiona mwanasayansi. Hukuisimulia tena hadithi ile, si mbele yangu.

Nilijua kwamba nimekuumiza. Sikujua kwamba nimekosea. Nilidhani nimesema ukweli kwa ukali, basi. Nikajiambia nitakuomba radhi. Kesho, nilisema. Na jina ni langu mwenyewe. Nikamaliza shule, nikawa nesi, nikapanda ndege kuja huku, na radhi sijaomba.

Nilipokuwa nakupigia simu kutoka hapa ulikuwa na swali lako. Kabla hujauliza baridi, kabla hujamuuliza mjukuu: "Treni za huko zinakula nini?" Mimi najibu, "Umeme, Baba. Umekunywa dawa ya presha?" Kila mara. Ulikuwa unabisha hodi, na mimi namsukumia mwenye kubisha dawa za presha.

Ulipofariki nilikuwa nangoja karatasi zangu za ukaazi. Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi, na Mkamburi alikuwa mdogo. Nilikuzika kwa simu, nimekaa juu ya kitanda mtaa wa Castle Vale, huku huku Birmingham, nikisikia upepo zaidi ya mchungaji. Tangu hapo nilianza kuangalia dirisha la upande wa pili.

Turudi jana. Kulikuwa na injini ya kijani iliyosimama, watu wanapanda kwa zamu kuona kibanda cha dereva. Mzee mmoja mwenye ovaroli ya buluu, kitambaa mkononi, ndiye aliyekuwa akieleza. Alikuwa na umri ulioondoka nao wewe. Alinishika mkono nipande. "Angalia kichwa, bab," akasema.

Hapa nikuchekeshe kidogo. Watu wa Birmingham wakikuchangamkia hukuita "bab", uwe mwanamke, uwe mtoto, uwe nesi unayekuja na sindano. Mwaka wangu wa kwanza wodini nilidhani wagonjwa wananiita Baba. Nilimsahihisha mzee mmoja wiki nzima kwamba mimi ni mwanamke, naye akawa ananijibu, "Naona, bab." Lakini jana nilipoitwa hivyo, mguu mmoja ukiwa kwenye ngazi ya injini, sikucheka.

Kule juu kulikuwa na moto, na nyuma yake lundo la makaa ya mawe na beleshi. Mkamburi akanigusa kiwiko. "Mwambie ile ya babu na mchanga," akasema, kwa Kiingereza chake. Maana nimekuwa nikimsimulia kama kichekesho. Hilo nalo nisamehe.

Nikamwambia yule mzee kwamba baba yangu alikuwa fayamani Kenya, na alizoea kutuambia kwamba injini yake hupewa mchanga. Akaitikia vizuri tu. Mchanga upo, akasema, akanionyesha sanduku lake: humwagwa relini magurudumu yasiteleze. Nikashukuru. Nikawaza, masikini Baba, kumbe aliutoa kwenye magurudumu akautia mdomoni. Hata katika kukutetea nilikuwa nakupunguza. Nikageuka nishuke.

Mkamburi hakugeuka. Yule ana ubishi wa Mama. Akamwambia mzee hapana, babu alisema ndani ya moto.

Mzee akaacha kufuta mikono. "Injini ya baba yako ilichoma nini? Makaa au mafuta?"

Nikafungua mdomo kusema makaa. Kisha nikakutafuta kichwani nikuone na beleshi, sikukuona. Sikuwahi kukuona na beleshi. Niliona ovaroli, na vidole viwili vya Mama.

"Mafuta," nikasema. "Alinuka stovu ya mafuta ya taa."

Basi yule mzee akacheka, na si kunicheka mimi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mwenye haki ya kujua. Injini ya mafuta mazito hujaa masizi kwenye mabomba yake ya ndani, ikakosa nguvu. Fayamani hungoja mpaka inavuta kwa bidii, mlimani, ndipo anamimina kopo la mchanga kwenye tundu la mlango wa moto. Upepo wa moto huuvuta mchanga ukapita mabombani ukikwangua masizi yote. Mchanga hauwaki, akasema, wala haukuwekwa uwake. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuifanya kazi hiyo, alifundishwa tu na waliomtangulia. Kisha akauliza, "Alikwambia nini kinatokea baadaye?"

"Inacheua moshi mweusi," nikasema. Ilitoka kwa Kiswahili. Mkamburi akamtafsiria, naye akapiga goti lake. Ndivyo, akasema, ndivyo hasa.

Nililia, Baba, mbele ya foleni ya wazee wenye kamera. Mzee akanipa kitambaa chake na mimi nikajifutia, nikashuka na masizi usoni kutoka shavu hadi shavu. Mkamburi alitaka kunifuta. Nikamwambia aniache.

Nilikaa kwenye benchi nikampigia Baba Mkubwa. Yuko hai, sikio moja limekufa, ametimiza tisini na kitu na hasahau deni la mtu wala tusi. Nikampigia kelele kwamba mchanga ulikuwa kweli, kwamba hukudanganya.

"Najua," akasema.

Kumbe siku ile ile wageni walipoondoka, alikuuliza, nawe ukamweleza mwanzo hadi mwisho, hata lile tundu la mlango. Akakwambia mwite mtoto, aelezwe naye. Ukakataa. "Alisema nikuache," Baba Mkubwa akaniambia. "Alisema, 'Leo kanishinda kwa elimu mbele ya watu. Nilimpeleka shule kwa ajili gani kama si hilo?' Nikamwambia, 'Mtoto hakukushinda, amekosea.' Akasema, 'Mwache ale ushindi wake.' Akanikataza. Nami nimekaa nalo hadi leo."

Nina hasira na wewe, Baba. Nimelala nayo na nimeamka nayo. Ungeniita. Ungenipeleka stesheni ukanionyesha tundu. Ungenizaba hata kofi. Ukaniachia ushindi wa uongo niutembeze Voi na Nairobi na Birmingham, na wewe ukarudi stoo kugawa sabuni, ukijua. Mimi nina mtoto wa kunibishia, najua kunyamaza kunavyouma. Sijui wewe uliwezaje.

Na nimekukumbuka hadi mbavu zinauma. Nilidhani umri ungepunguza. Natamani karai, natamani maji ya chumvi, natamani kukuongezea maji ya moto mpaka useme inatosha.

Barua hii nimeiacha wazi kwa makusudi. Nilikuumbua mbele ya watu, kwa hiyo sitakuomba radhi chumbani. Waliokuwepo uani wengi wameshakufuata, waambie huko. Waliobaki wasome wenyewe: injini ilikula mchanga. Baba yangu aliilisha kwa mkono wake kwenye miinuko ya kwenda Mtito, akijua anachofanya, na yule msichana wa kidato cha pili alijua ndoo mbili za maabara na hakujua kingine. Nisamehe.

Siku ile ulipofika kwenye moshi mweusi ulinyamaza ukanitazama, na nilikunyima neno moja. Umelingoja muda mrefu. Sogea mbele ya kiti, wageni wapo, mjukuu yupo, nami nimeinjika maji.

Halafu, Baba?

Binti yako,
Kesho, aliyechelewa