Mwizi wa Mtaa Wetu Ana Mwendo Wangu

Mpendwa Shangazi Serah wa redio,

Mimi nina miaka sabini na saba, nimezika vita mbili, kipindupindu cha kambini, meno yangu yote ya juu, maraisi ambao hesabu yao imenitoka, na baridi moja nzima ya hapa Minnesota na nusu ya pili, kwa hiyo ukiona ninaomba msaada ujue sijazoea. Mwandiko wangu unapinda kwa sababu shule niliachia darasa la tatu, lakini darasa la tatu la wakati ule ni chuo kikuu cha siku hizi. Jina langu ni Ildephonse, lisome lote, mimi sijawahi kujificha.

Ninaishi Saint Paul kwa binti yangu Bernardine, anayeuguza wagonjwa hospitalini, pamoja na mume wake Janvier na watoto wao watatu, nyumba ya kupanga, kutoka mlangoni hadi treni ya Green Line ni dakika saba kwa mguu wangu na kumi na mbili kwa mguu wa Janvier.

Sasa Shangazi, uielewe kwanza kazi yangu. Kule Nyarugusu, kambi ya Tanzania tuliyokaa miaka ishirini na sita baada ya kukimbia Fizi kwetu Kongo, mimi nilikuwa mkuu wa sungusungu, yaani walinzi wa raia wenyewe, fimbo na filimbi, na katika zamu yangu haikuibwa hata sufuria, yule mbuzi wanayemsema alipotea zamu ya Sosthène, msaidizi wangu. Kazi ilikuwa hivi, unapita nyumba kwa nyumba, unasukuma kila mlango kwa vidole viwili, ukikubali unaufunga kwa nje, asubuhi unamwambia mwenyewe, "Mama, jana ulilala wazi," naye anakushukuru, siku nyingine anakupa muhogo.

Nilipofika hapa nikaona mtaa mzima hauna sungusungu, watu wanaondoka kwenda kazini, mtaa unabaki mtupu, magari yamekaa barabarani kama ng'ombe wasio na mchungaji, nikajiambia Ildephonse, Mungu hakukutoa kote huko uje ukae mbele ya televisheni. Nikachukua koti kuukuu la kazi la Janvier linaloning'inia kwenye garaji, nikaanza zamu, saa tatu asubuhi mara moja na saa nane mchana mara moja, wenyewe wakiwa kazini. Ninagusa kitasa cha kila gari, ikifunguka ninabonyeza pale pa kufungia, ninaifunga vizuri, ninaenda zangu, sijachukua hata sindano. Garaji moja niliikuta wazi nikaushusha mlango wake. Nimefunga magari ya watu zaidi ya arobaini na hakuna hata mmoja aliyesema asante, nikasema sawa, Wamarekani wana haya.

Halafu ikaja siku moja ya Januari, baridi ya kugandisha mate kabla hayajafika chini, nikakuta gari inanguruma mbele ya nyumba ya bluu ya mama mmoja jirani, ufunguo ndani, mtu hakuna. Nikasema mama huyu amechanganyikiwa, mwizi akipita hapa hana hata haja ya kuvunja. Kugonga mlango nilitaka, lakini Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu, kwa hiyo nikazima injini, nikachomoa ufunguo, nikautia kwenye sanduku lake la barua, nikarudi nyumbani ninaimba. Mimi ningejuaje kwamba watu wa hapa wanapasha gari moto kama chai kabla ya kuondoka?

Sasa binti yangu ana ramani ndani ya simu, ramani ya uhalifu, kila kosa ni nukta nyekundu. Jioni moja akaniita mezani.

"Papa, kuja uone. Mtaa wetu unaharibika."

"Mtaa umefanya nini?"

"Nukta nne kwa mwezi mmoja. Kuko mwizi anazunguka mchana kweupe, anajaribu milango ya magari. Moja alizima kabisa, akaficha ufunguo ili arudi kuichukua."

Nikapiga meza. "Mchana? Mbele yangu mimi? Nipe siku tatu nitakuletea sikio lake."

"Papa, acha. Hapa si kambini."

Kesho yake nikaongeza zamu ya tatu. Nukta zikafika saba.

Wiki iliyopita ndipo akaja na picha inayotembea, imetoka kwenye kamera ya mlango wa nyumba ya bluu, majirani wanatumiana. Mtu mrefu, koti, kofia imeshuka hadi puani, mkono mmoja mgongoni, ananyanyua magoti kama jogoo kwenye umande. Shangazi, mtu haujui mgongo wake mwenyewe, lakini marehemu mke wangu alinisema kwa maneno hayohayo ya jogoo miaka arobaini, kwa hiyo nilijitambua palepale. Bernardine hakunijua, koti hilo hajaniona nalo, mimi huvaa yeye akishaenda kazini, na makoti ya kazi kama lile la Janvier wanayo nusu ya wanaume wa mji huu.

Janvier akasema, "Lakini huyu mwizi anajiamini, eh!"

Kidogo niseme asante.

Siku ileile koti nikalikunja, nikalisukuma nyuma ya mashine ya kupasha maji, mimi ambaye sijawahi kujificha. Jumapili baada ya ibada Sosthène, ambaye naye yuko hapa, akanivuta kando na simu yake.

"Mukubwa, huyu ni nani?"

"Mwizi."

"Mwizi ana mwendo wako."

"Watu wanafanana."

"Nimetembea nyuma ya mgongo huo miaka kumi na mmoja, unaniambia wanafanana?"

Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka. "Nyamaza," akasema. "Binti yako na mumewe wakihama, jambo linakufa lenyewe. Ukisema, utakuwa babu wa kufungiwa ndani."

Hapo ndipo panaponichoma, Shangazi, kwa sababu Bernardine amepata nyumba Apple Valley, kusini ng'ambo ya mto, mwisho wa mwezi huu wanatia saini, atakuwa anaendesha gari mbali kila siku kurudi kazini hapa Saint Paul, watoto wataacha shule, kanisa litakuwa safari, na mimi nitakaa pahali ambapo hakuna treni wala mtu wa kusalimia, yote hayo kwa ajili ya mwizi ambaye anakula naye ugali kila jioni. Haki isemwe, mtaa wa tatu kutoka kwetu gari mbili ziliibwa kweli, wezi wapo, siwezi kumwambia hawapo. Lakini kwetu nukta saba, sita ni zangu. Ya saba siijui, na nikimpata mwenyewe, basi.

Bernardine amekwisha kukimbia mara moja katika maisha yake, alikuwa mgongoni kwa mama yake, na aliyesema "kimbieni" siku ile ni mimi, na ilikuwa kweli. Sasa anakimbia mara ya pili na anayekimbiwa ni mimi. Nikisema, mkwe wangu ataniona mtoto. Nikinyamaza, ninamhamisha binti yangu kwa uongo. Niseme au ninyamaze? Jibu upesi.

Na kama unadhani ninatunga, muulize Sosthène wa kwaya ya wazee, muulize Mama Rachelle aliyekuwa jirani yangu kambini na sasa anakaa Crystal, mji wa hapa jirani, mlango wake nimeufunga mara nyingi kuliko alivyoufunga mwenyewe, muulize Bernardine habari zangu zote isipokuwa hii.

Ildephonse, Saint Paul

*

Shangazi Serah anajibu:

Mzee Ildephonse, shikamoo.

Nimecheka, nisikudanganye. Kisha nikaacha kucheka palepale alipoacha Sosthène, ila yeye alihofia heshima yako na mimi nahofia uhai wako. Mji huu watu wengi wana bunduki majumbani. Mtu akikuta mkono wako kwenye mlango wa gari lake, hatakuuliza cheo chako cha kambini. Umeponyoka vita mbili, baba. Usiende kufia kwenye kitasa cha gari la mtu. Zamu imekwisha leo, na hiyo ya tatu ndiyo ya kwanza kufutwa.

Hebu nikuulize. Kule kambini, ulipousukuma mlango wa mtu, ni nini kilichokulinda? Usiniambie fimbo. Aliyekuwa ndani alijua ni vidole vya nani, na asubuhi ulimwendea ukamwambia umefanya nini. Hapa umefunga magari arobaini na hujazungumza na mwenye gari hata mmoja. Mlinzi asiyejulikana na mwizi wana picha moja kwenye kamera. Uliruka hodi, mzee, na wewe hodi unaijua kuliko mimi.

Bernardine si mwoga wala si mjinga. Anasoma alichonacho. Lakini nukta nyekundu haisemi kuna mwizi. Inasema kuna mtu aliogopa akapiga simu. Nyuma ya nyingine yupo mwizi kweli, kama hao wa gari mbili. Nyuma ya nyingine yupo mzee mwenye koti. Ramani haiwezi kuzitenganisha. Katika Saint Paul yote ni wewe peke yako unayeweza, na kitu ulichofanya ni kusukuma koti nyuma ya mashine ya maji!

Basi utasema. Na usiseme ili asihame, maana hapo ndipo wazee wetu mnapotuchezea. Sema kwa sababu uamuzi ni wake na anaufanya macho yakiwa yamefungwa. Akishajua ukweli, na bado akaitaka Apple Valley, labda kwa ajili ya watoto, labda kwa zile gari mbili, labda amechoka tu, utafungasha vitu vyako uende naye, na hutanuna.

Utasema kabla ya saini, Janvier akiwepo. Ukiona ulimi mzito, litoe koti, livae, vuta kofia hadi puani, kisha tembea kutoka mlangoni hadi jikoni. Hutahitaji maneno mengi.

Baada ya hapo, usimkimbilie polisi wala jirani peke yako. Bernardine azungumze kwanza na mwanasheria wa wale wanaowasaidia wakimbizi bure, kwa sababu karatasi zako bado changa, na nia njema haijitafsiri yenyewe. Akishawaelekeza, nendeni nyumba ya bluu, wewe na binti yako, mchana, bila lile koti. Bonyezeni kengele, msimame hatua tatu nyuma, mikono ionekane. Bernardine ataongea. Wewe mtazame mama huyo usoni, kwa sababu umemtia hofu nyumbani kwake, na pole yake hujampa. Ulidhani yeye ndiye anayekosa shukrani.

Na Janvier akikuona mtoto? Atakuona hivyo wiki moja. Huyo ni mkwe, utamshinda tena kwenye njia ya treni.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikimtafuta mwizi, nikamwona mtu aliyekosa zamu. Hilo nakuhurumia kabisa. Wengi wenu mlikuwa watu wenye cheo, mkashuka kwenye ndege mkawa watu wa kuambiwa kaeni msianguke. Mitaa mingi ya Saint Paul ina vikundi vya majirani vinavyokutana. Bernardine aulize wa kwenu wanakutana lini, muende. Waambie una miguu, una macho, na una mchana mzima. Wakupe kazi yenye jina lako juu yake, hata kama ni kusimama pale watoto wanaposhukia basi la shule.

Jibu hili nakutumia leo Jumatatu. Barua yako nitaisoma redioni Alhamisi, na jina lote kama ulivyoagiza, na najua akina mama wauguzi hunisikiliza wakiwa njiani kurudi nyumbani. Ukitaka nilikate jina, nipigie, nitalikata wala sitakulaumu. Lakini mtu ambaye hajawahi kujificha ana Jumanne na Jumatano nzima.

Mashahidi uliowataja nimewaamini wote, hata yule wa mbuzi. Ila wote wanakujua tangu kambini. Siku utakayoniandikia tena, Sosthène mwache apumzike. Mwishoni mwa barua nataka kusoma: muulizeni mama wa nyumba ya bluu. Na uniandikie jina lake.