Kicheko cha Sekunde Kumi na Mbili

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, mengine ndiyo haya.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu nimeizima. Wodini muuguzi mwenzangu alinitania, nikacheka. Kwenye kitanda cha nyuma yangu mzee alikuwa ameshakata roho, na hakuna aliyejua. Mgeni wa mgonjwa mwingine akarekodi: mimi nacheka, maiti ipo nyuma. Mtandaoni wananiita Nesi Kicheko. Nimesimamishwa kazi mpaka kikao cha tarehe 30 Aprili. Nikishindwa, uuguzi ndiyo basi.

Binti yako

11 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Mgongo unalalamika kama kawaida yake, usiujali.

Miaka thelathini nimeonyesha sinema, mambo ya mtandao nimeyaona sana. Kuna kijana mmoja huwa hanyoi ndevu, chumba kimejaa kompyuta. Anagonga vitufe mbio mbio, anasema "nimeingia," na kila kitu kinafutika dunia nzima. Mtafute huyo. Akikosekana, mkasi wangu bado ninao. Kipande kibaya tulikuwa tunakikata, tunaunga mkanda, watazamaji hawana habari.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole na mgongo. Umenichekesha, ila siku hizi nacheka nimeziba mdomo.

Fundi kompyuta anasema kijana huyo hayupo. Kwenye sinema zako adui ni mmoja. Steringi akimshika, taa zinawashwa, watu wanakwenda nyumbani. Huku adui simwoni. Ni watu wazuri tu, kila mmoja kamtumia shemeji yake video ile. Nashukuru huko kwetu haijafika. Wakinifukuza nitarudi nyumbani, maana sina pengine pa kutembea bila kutazamwa.

Binti yako

9 Aprili

Mwanangu,

Natumaini unakula. Mimi chakula hakipiti.

Nilishindwa kukaa bure. Nilipita nyumba kwa nyumba, mtaa mzima, nikiomba kwa adabu: "Kama mnayo video ya binti yangu akicheka mbele ya maiti, tafadhali ifuteni." Walinikaribisha, wakanipa maji. Hakuna aliyekuwa nayo. Nikafurahi kama mjinga.

Jumapili nikaingia kwa kinyozi, wateja wote wameinamia simu moja. Nikasikia kicheko chako. Nakijua tangu una miezi minne. Kinyozi akaniambia, "Mzee, tulikuwa hatujui. Ulipotuambia ndipo tukaitafuta."

Ni mimi niliyewaonyesha. Nisamehe. Nijibu hata mstari mmoja.

Baba yako

2 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Hii ni barua ya nne nakuandikia bila kupata jibu. Kikao kimepita, sijui waliamua nini, wala sijui unalala wapi. Simu yako bado haipatikani.

Nimekukumbuka mno, sauti yako hasa. Kila Jumamosi nakwenda kwa kinyozi, ananifungulia ile video, nakusikiliza sekunde kumi na mbili, namwomba arudie. Chini yake pana namba ya mara ilizotazamwa. Nikitazama, inaongezeka moja. Naiona ikiongezeka, na bado namwambia arudie.

Baba yako