Matanuri Meupe

4 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo wewe na kifua chako? Mimi mzima, magoti tu yananigomea. Nimeazima miwani ya jirani, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima, ilaumu miwani.

Leo dukani nimefungiwa sukari kwa gazeti. Lina picha iliyopigwa kutoka angani: maduara meupe, watu wamefunga nyuso, malori yamefunikwa. Chini wameandika eti hapo majirani zetu wanapika sumu ya kutuua. Nikakaa juu ya gunia, nikaitazama mpaka duka likapotea. Nikajiona kijana, nimesimama kwenye moshi mweupe, kope zimejaa unga, sauti za watu zinanifikia kama zinatoka chini ya maji.

Miaka thelathini na moja nimechoma chokaa, mwanangu! Yale ni matanuri ya chokaa. Uso unafungwa kwa ajili ya vumbi. Lori linafunikwa wingu likitokea, maana chokaa iliyotoka motoni ikipata maji inachemka. Wewe umecheza pale mpaka nywele zikawa za ajuza. Na kazi yako hapo serikalini si kusoma picha kama hizo? Umesoma nini?

Bibi yako

19 Machi

Shikamoo bibi,

Kifua kimepona. Pole na magoti.

Picha ile niliisoma mimi. Niliandika, "Huenda ni matanuri ya chokaa." Mkuu wangu akaikata kwa kalamu nyekundu, akasema "huenda" haijawahi kumsaidia waziri. Lakini niliandika pia kwamba kila ndege zetu zikishuka chini, malori hufunikwa. Hiyo akaiacha, na waziri ameisoma redioni. Bibi, ndege hushuka chini siku za mawingu tu, ili zipige picha. Nikadhani wale watu wanatuficha kitu. Mimi, niliyelelewa na wewe, sikukumbuka mvua.

Tafadhali, usiyaseme haya dukani.

Mjukuu wako

22 Machi

Mjukuu,

Salamu baadaye. Dukani nimeshasema. Wamecheka, wakasema bibi kizee anamfundisha waziri kazi. Wacheke.

Kijiti, mdogo wako, ameitwa jeshini. Amekuja kuniaga na buti zinazompwaya, anatembea kama kuku kwenye matope. Redio inasema Alhamisi wabunge wanapiga kura ya vita. Ile karatasi yako ya kwanza, yenye "huenda", unayo? Ipeleke kwao. Usiniambie kazi itaota mbawa. Mimi nimefukuzwa kazi mara mbili na bado nanenepa.

Bibi yako

30 Machi

Shikamoo bibi,

Nilikwenda. Karatasi ilikuwa mkobani. Nilikaa kwenye benchi la ukumbini, nje ya mlango wao. Sakafu inang'aa kama maji yaliyotulia, na jua lilikuwa linaivuka taratibu, kigae kimoja baada ya kingine. Ndani walikuwa wanavuma kama nyuki. Mlinzi akaniuliza, "Dada, unamsubiri nani?" Nikasema, "Hakuna mtu." Sijui kwa nini. Nikaendelea kulitazama jua mpaka nikasikia makofi.

Nisamehe.

Mjukuu wako

17 Juni

Mjukuu,

Hali yako sikuulizi, utanieleza ukija. Barua zako nne sijazifungua. Ziko chini ya godoro.

Kijiti yuko hospitali ya jeshi, wodi ya ghorofa ya pili, na mimi niko kando yake na kiti changu cha nyumbani. Yeye na wenzake waliingia pale pale kwenye picha yako. Hawakukuta sumu. Mizinga yetu wenyewe ilikuwa imechana maturubai ya malori, na walipolala chini kukwepa risasi, mvua ikanyesha. Chokaa ikachemka, ikamrukia machoni.

Daktari anasema jicho la kulia huenda likaona kivuli. Kijiti mwenyewe anasema kila kitu ni cheupe na laini, anaelea tu, na mimi ananisikia kama niko mbali juu. Anatabasamu, mpumbavu wangu. Namlisha uji kwa kijiko, anang'ata kijiko makusudi.

Jana akaniuliza, "Bibi, ile picha aliisoma nani?"

Nimemwambia sijui.

Tangu azaliwe sijawahi kumdanganya yule mtoto. Nimempiga, nimemtukana, kumdanganya hapana. Kesho ataniuliza tena, namjua. Panda basi uje umjibu mwenyewe, mimi uongo siuwezi mara mbili.

Bibi yenu