Jina Lako Mnarani

Kaka mpendwa,

Sisi wazima, paa tu ndilo linalovuja. Barua yako imefika. Mama ameisoma mara tatu, kisha akanuna. Umemtia aibu: jina lako limeshachongwa kwenye mnara wa waliokufa vitani. Alilipeleka mwenyewe, akisema, "Miaka sita bila barua! Huyo kafa." Fundi mawe anasema halifutiki bila kuuvunja mnara, na mwenyekiti anakuomba usionekane hapa mpaka uzinduzi upite.

Usimsikilize mwenyekiti. Kila asubuhi mama huenda kulipangusa jina lako huku akiligombeza. Jana aliweka kiganja juu yake, nikamsikia akisema, "Haya, shuka twende nyumbani."

Dada yako, niliyekulilia bure.